Hesabu za Visiki

Baba alikufa tumbaku ikiwa bado mabanini
na jeneza lake tulilinunua Tabora mjini,
mbao za msonobari zilizokuja na lori kutoka Mafinga,
nyeupe, laini, zenye harufu ya mahali pengine.
Fundi Kapela alizigonga kwa kidole, akaguna:
“Mzee Msabila? Si ndiye aliyekuwa na mininga?”
Nikanyamaza. Daftari lake nilikuwa nalo kwapani.

Daftari la chama cha msingi, jalada la kijani,
mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la nne:
Bani la kwanza, tela tatu.
Bani la pili, tela tatu na nusu.
Mwaka wa mvua nyingi, kuni mbichi, tela tano.
Ada ya Luhende. Baiskeli. Bati ishirini na nne.
Hakuiba, hakulewa. Alitusomesha kwa moshi.
Ekari sitini za Pangale ziliingia tanurini
na sisi tukatokea upande wa pili tumevaa viatu.

Arobaini ilipopita, kaka akasema tuuze.
“Pale kuna nini, dada? Visiki na siafu.”
Nikaenda kuhesabu, siku nne, na panga na chaki.
Mtundu, mtundu, myombo, mkurungu, mtundu.
Nikakuta jambo ambalo baba hakuliandika:
kisiki hakina habari kwamba kimekatwa.
Kila kimoja kimetoa machipukizi kumi, kumi na mawili,
yanasukumana kama watoto kwenye bomba la shule.

Basi kazi yangu ikawa kukata.
Naacha mawili yaliyonyooka, mengine nayaangusha,
na kila mwaka mkono unasita palepale.
Mwezi wa tano nachoma nyasi mapema, jioni, umande ukianza,
moto mdogo unaotambaa kwa adabu,
ili ule mkubwa wa Septemba
ukifika mpakani ukute sufuria imeoshwa.
Bibi angeuita ngitili. Majirani
wanauita pori la yule aliyekataa pesa.

Hawajui nusu yake.
Mwaka wa kumi na moja alikuja kijana wa mkaa, na pikipiki,
akaupima mtundu kwa paja lake, akataja milioni mbili.
Paa lilikuwa linavuja juu ya kitanda.
Nikamwambia arudi Alhamisi.
Alhamisi nikaingia msituni, mtu mzima mimi,
nikachuchumaa nyuma ya mti aliotaka kuununua
mpaka honi yake ikachoka kuniita.

Mengine yalirudi yenyewe. Uyoga, mvua za kwanza.
Nyuki, kwenye mzinga niliokuwa nimeususa.
Mlembe, asubuhi moja, akinipigia kelele
kana kwamba ni mimi niliyechelewa.
Mninga haukurudi. Baba aling'oa hadi mizizi.
Nikaomba mbegu Ipole, zile za mviringo
zenye miiba katikati na sketi pembeni.
Nilipanda thelathini, ikaota tisa,
kiangazi ikakauka yote tisa na mimi nikalia.

Bwana miti wa Sikonge alichimba kwa kidole.
“Umekufa juu tu, mama. Chini unajenga.”
Ndivyo ulivyo: miaka saba, minane,
kila kiangazi unakufa, kila Novemba unaanza upya,
hadi mzizi uridhike.
Hii ni mara ya sita mininga yangu kunifia.

Naandika kwenye kurasa alizobakiza baba.
Safu ya tela naiacha wazi.
Jana Kalunde, binti wa Luhende, yule aliyetaka tuuze,
aliinama juu ya kijiti kisicho na jani
akaniuliza kitatoa mbao lini.
Nikamwambia mwaka. Akauhesabia kwa vidole vyake, vikaisha,
akashika vyangu, navyo vikaisha,
akavua viatu.