Ngazi Thelathini na Moja

Akonkwa ametupanga kwa mstari mmoja,
kofia za plastiki zimetubana masikio.
"Kidole gumba njo moto. Mukono wa kushoto njo freni.
Na mukiona shimo, musiliangalie:
kile unachokiangalia njo unachokiingia."

Tuko watano. Maharusi wawili kutoka Kisangani,
mhasibu wa Uvira na mkoba asioutoa begani,
mwanafunzi anayepiga picha hata viatu vyake,
na mimi, niliyejiandikisha kwa jina la mume wangu.
Mji: Lubumbashi. Kazi: muuguzi.
Pa kuzaliwa hawakuuliza.

Trotineti ya umeme haina mlio.
Nashuka Nguba kama ninavyopita wodini saa tisa usiku,
viatu mkononi, nisimwamshe mtu,
na ziwa linajitokeza kati ya kuta mbili,
linajificha,
linajitokeza tena karibu zaidi,
kama mdai anayejua unakaa wapi.

Akonkwa anasema Bukavu ni mkono,
vidole vitano vimelowekwa Kivu.
Hilo kila mtu hulisema.
Mama yangu aliongeza: mkono wa mtu anayenawa
kabla hajajua kama chakula kipo.

"Umeme huu unatoka Ruzizi," anaendelea.
"Maji ya hili ziwa njo inazungusha mashini,
mashini njo inatusukuma sisi.
Isipokuwa siku chupa zinaziba mudomo wa muto."
Mhasibu anauliza: "Na jana zilikuwa zimeziba?"
"Kidogo."

Tunasimama Muhumba, mbele ya nyumba
yenye madirisha ya duara, kama meli
iliyopanda mlima ikakosa mafuta ya kurudi.
"Hapa alikaa daktari mumoja wa Liège,
alifuga mamba mu bafu!"
Maharusi wanacheka, wanashikana viuno.
Mwanafunzi anapiga picha dirisha la bafu.

Tulikaa humo familia nne, mlango mmoja.
Bafuni mle alilazwa kaka yangu Mushagalusa na surua,
taa imefunikwa kitenge cha buluu,
na mimi nje, mdomo kwenye tundu la ufunguo,
nikimsomea majina ya wachezaji wa mpira
hadi siku ya tatu, aliponyamaza kujibu.
Dirisha wamelipaka rangi. Rangi nzuri.
Sikusema kitu.
Mamba ni afadhali kuliko surua.

Mteremko una deni lake, na deni ni mlima.
Chini ya Nyawera trotineti ya bibi harusi ililia *pii*,
ikazima. Ikafuata ya bwana harusi, kwa mapenzi labda.
Kisha ya mhasibu. Kisha yangu.
Akonkwa alizigonga betri moja moja kwa kiganja
kama anayechagua maparachichi sokoni,
jasho likimtoka chini ya kofia.
Barabara ilikuwa inapinda mbali, juani.
Nikajisikia nasema:
"Kuna ngazi. Nyuma ya ukuta wa masista."

Tulizibeba. Yangu niliitupia begani
nilivyofundishwa kumbeba mgonjwa: goti kwanza, pumzi baadaye.
Nikahesabu kimyakimya, hesabu ya kwenda shule.
Ya tisa bado imepasuka. Ya kumi na nne bado ina nyasi.
Karibu na juu udongo umeporomoka, umekula mbili;
pale tulivutana mikono, hata mhasibu
akautoa mkoba begani, akampa mwanafunzi aushike.

Juu, muuza sambaza alitutazama
wazima watano na kiongozi wao
wamebeba vitu vilivyotakiwa kuwabeba.
Akafunika beseni lake, akacheka hadi akakaa chini.

"Mama," Akonkwa akasema, anahema,
"hizi ngazi umezijulia wapi?"
"Kiongozi mmoja alinionyesha."
"Ziko ngapi?" Alikwisha toa daftari.

Juma lijalo atawaambia wengine
kwamba zilichongwa na daktari wa Liège,
amtelemshe mamba akaoge.
Ataitaja na idadi, kwa uhakika.
Nimempa ya zamani: thelathini na moja.