Namba ya Usingizini

Barua ilifika Buguruni mwezi wa mfungo,
imekunjwa mara tatu, jina la babu limekosewa:
Kando, badala ya Kondo.
Bibi akacheka kidogo. Kando ndiko walikomweka,
hapo hawakukosea.

Kondo ni vita, kwa kauli ya wazee wa Kizaramo.
Alizaliwa Mwingereza akimfukuza Mjerumani,
mizigo ikipita juu ya vichwa vya watu
ambao jina lao limebaki sokoni, Kariakoo,
tunapimiana nyanya juu yake.

Vita vya Hitla vikamkuta na jina tayari.
Akaingia Keya. Akavuka hadi Burma.
Alichorudi nacho: makovu ya ruba kwenye ndama za miguu,
neno moja la Kihindi la kuombea maji,
na filimbi.
Mabuti aliyavulia ghalani, pale bandarini.
Karani akayahesabu jozi kwa jozi,
akasema asante, pita upande ule.

Miaka ishirini na sita akalinda duka la vyuma
mtaa wa Sikukuu, kwa Jivraji,
rungu mapajani, filimbi shingoni.
Wapita njia wakamwita askari.
Jina hilo lilimlipa hapo tu,
mshahara wa mwezi na kibaba cha unga.

Ofisi iko ghorofa ya tatu, lifti mbovu.
Bibi Siwema, miaka themanini na saba,
alipanda akihesabu ngazi kwa tasbihi.
Kijana wa dirishani alikuwa mpole,
akamletea kiti, akamletea maji.
Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililoniudhi.

Akaomba cheti cha ndoa.
"Alituoza shehe Mwinyimvua, daftari analo yeye,
muulizeni huko aliko."
Akaomba cheti cha kifo.
Bibi akatoa kibali cha kuzika, mende wamekula pembe.
Basi chochote, bibi, chenye namba yake ya jeshi,
tujue kwamba wewe ndiye mjane.
Akainamia faili, kidole kikitafuta mstari,
na kabla hajaufikia
bibi akasema:
moja, moja, saba, tisa, nne.

Si kwa sauti ya mtu anayekumbuka.
Kwa sauti ya mtu anayeitwa.

"Kila usiku, mwanangu. Saa nane, saa tisa,
anakaa kitako kitandani, anaitoa hiyo namba,
halafu ananigeukia:
Wamebaki wangapi?
Namwambia wote wapo. Lala.
Miaka arobaini na moja nimemdanganya mume wangu.
Andika hilo kwenye faili lako."

Kijana hakuandika. Alivua miwani, akaifuta,
akaifuta tena.

Kisha kijisanduku. Nishani, utepe mpya
unaonuka plastiki. Na bahasha.
Mimi nilihesabu: bati kumi na nane, labda na misumari.
Bibi hakuhesabu.
"Dawa ya deni kulipa, sawa.
Ila dawa ikija mgonjwa keshazikwa,
mnampaka nani?"

Akaifunga nishani kwenye pindo la khanga
pamoja na nauli na tambuu.

Tulipita penye sanamu ya askari,
ile ya shaba, bayoneti imeelekea bandarini.
Bibi akakinga jua kwa kiganja,
akaiangalia kuanzia chini, si kuanzia juu.
"Huyu wamemwachia mabuti," alisema.

Mbele kidogo, mlangoni mwa benki,
mlinzi mmoja kijana, viatu vya mtumba vimemzidi,
alimpigia bibi saluti ya utani.
Hakucheka. Alisimama karibu naye,
karibu mno, kama anayetaka kumnusa,
akamuuliza:
"Baba, huko nyumbani
yuko anayeijua namba yako?"