Hela ya Taji

Subilaga ana kibanda cha saa Sokomatola,
futi nne kwa sita, na lenzi moja
anayoibana jichoni kama mtu anayekataa kulia.
Saa zimepungua, anasema, watu wanatazama simu.
Basi Jumamosi, mashine ya kusaga ikizimwa,
nakwenda na unga wangu kwenye nyusi
kujifunza kutazama.

"Nawa." Ndilo somo la kwanza.
La pili: "Shika ukingo. Uso haushikwi."
La tatu nililijua kwa kuumia. Nitalifikia.

Ananipa shilingi ya mkoloni.
"Unaona nini?"
Simba, na milima nyuma yake.
"Simba kila mtu anamwona. Manyoya ya shingo yako wapi?"
Naiinamishia taa. Shingo imelala, laini
kama jiwe la kufulia pale mtoni Sisimba.
"Palipoinuka ndipo panapoliwa kwanza. Anzia hapo:
shavu, nywele za juu ya sikio, bega la mnyama.
Bondeni usipoteze muda,
bondeni hata mbovu inapendeza."

Madaraja yake ameyatunga mwenyewe.
*Haijatumwa dukani*, ndiyo ya juu kabisa:
ukiigeuza, mwanga unaizunguka kama feni.
*Ilitumwa ikarudi.*
*Imekwenda mnadani.*
*Imelala na jasho.*
Ya mwisho kabisa, *washa*,
ya kupigilia bati na misumari.

Miezi mitatu nilikosea.
Mbuni wa senti ishirini nilimpandisha juu
kwa sababu aling'aa.
"Hata kitasa cha mlango kinang'aa," akasema.
Sungura wa senti hamsini nikamshusha kwa doa jeusi
ambalo lilikuwa umri wake tu, halali yake.
Julai, ukungu wa Loleza umeshuka mpaka kwenye mabati,
umeme unakatika, tunakaa gizani na makoti yetu.
Nawasha simu. Anaizima.
"Kwa tochi, kila sarafu ni mwongo."

Sasa la tatu.
Bibi Tusekile aliilima kwenye viazi, Umalila:
hela yenyewe, ile iliyotuachia neno,
ya Mjerumani, mwaka kumi na tatu, taji juu,
rangi yake kama chai ya jana.
Akaifunga pindoni mwa khanga miaka na miaka,
akanipa nilipofaulu darasa la saba.
Usiku ule, kabla sijampelekea Subilaga,
nilitaka ipendeze.
Majivu. Limau. Mswaki uliokwisha.
Ikatoka ya waridi, tupu,
kama ngozi iliyobanduka lengelenge.

Aliitazama kuliko alivyowahi kutazama chochote.
Hakunigombeza. Alivua lenzi,
akaifuta kwa shati, akaivaa tena.
"Taji lina msalaba wake. Majani yana mishipa.
Ingekuwa ya pili. Labda ya kwanza."
Ingekuwa.
Sikujua neno moja la Kiswahili lina uzito huo.
"Rangi ile ilichukua karibu miaka mia kuja.
Wewe ulitumia dakika ngapi?"
Kumi.
Kumi na tano, pamoja na kusuuza.

Nikataka kusema jambo juu ya binadamu,
kwamba sisi nasi tunaliwa palipoinuka,
kwamba mikono ya Bibi, ukiiangalia vizuri...
Akanikata.
"Sarafu ni sarafu. Bibi yako usimpime."

Akanisogezea bahasha ndogo ya kaki.
"Andika ukweli. Kwa penseli, wino unahama."
Nikaandika:
*Hela moja. 1913. Taji zima. Imesuguliwa.*
Nje muuza maparachichi alikuwa anahesabu chenji kwa sauti,
akakosea, akaanza upya.
Nikailamba ncha ya penseli,
nikaongeza:
*Na mimi.*