Ukuta Unaotoka Jasho

Mwezi wa tano, Kibosho,
masika yamekaa kama mgeni asiyejua kuaga.
Kabatini suti ya baba imeota manyoya ya kijani,
chumvi imekuwa uji, viberiti havishiki,
na nyuma ya kitanda cha mama
ukuta unatoka jasho
kama mtu aliyeulizwa swali.

Tuliupaka rangi ya mafuta. Mwaka jana, mwaka juzi,
na mwaka ule wa harusi ya Manka.
Poda juu ya homa.
Kila Julai ukungu ulishuka kutoka msituni,
ukaingia hadi jikoni bila hodi,
na ule mwingine, mweusi, ukaamka penye pembe za dari.
Ukungu na ukungu:
lugha imewapa jina moja, haikukosea.
Mama alikohoa. Akasema ni vumbi.
Vumbi gani, kwenye nyumba iliyoloa?

Nikamleta fundi Senkondo, Mpare wa Same,
mtu wa upande usio na mvua,
nikajiuliza huyu atajua nini kuhusu maji.
Hakutazama bati. Alipiga magoti,
akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
chini, juu kidogo, juu tena.
"Maji haya hayashuki," akasema. "Yanapanda.
Mawe yamekaa udongoni miaka sitini, yanakunywa.
Zamani yalikunywa yakatema, usiku kucha, kupitia chokaa.
Nani aliyaziba mdomo kwa saruji?"

Baba. Mwaka wa kahawa nzuri.
Nakumbuka majirani wakija kupapasa ukuta laini,
naye amesimama pembeni, mikono nyuma,
kama aliyezaa.

Tukabandua. Siku ya tatu,
juu ya lipu ya zamani, penseli ya seremala,
herufi za baba zilizoinama kama zinapanda mlima:
*Mawe, tripu tisa.*
*Chokaa, magunia kumi na mawili.*
*Ndelilio fundi, shilingi sitini, bado.*
Senkondo akasoma kwa sauti.
Akarudia lile neno la mwisho.
Akanigeukia:
"Mimi nalipwa kila Jumamosi."

Nilicheka. Mama hakucheka.
"Alikuja mara tatu," akasema.
"Mara ya nne hakuja. Wiki ile ile baba yako akanunua saruji."

Tulichimba mtaro kuzunguka nyumba,
tukaujaza changarawe ya Mto Karanga.
Migomba iliyoegemea ukuta tukaihamisha,
mama akiiombea msamaha mmoja mmoja.
Darini tukalaza maranda makavu ya Pasua,
yamechanganywa na majivu, mchwa wasijialike,
ili joto la watu lisitoroke,
na bati lisitutemee umande alfajiri.
Kisha chokaa, iliyolala pipani wiki tatu,
tabaka jembamba, subiri,
tabaka jembamba, subiri.
Sikujua subira ina harufu.

Mjukuu wa Ndelilio nilimpata Kiboriloni, anashona sare za shule.
Shilingi sitini za wakati ule ni ngapi leo?
Tukahesabu kwa mbuzi, tukabishana,
akaomba beberu, nikampa beberu na jike.
Hakushukuru sana. Aliuliza tu kama ukuta bado umesimama.

Julai imefika. Ukungu wa nje umekuja,
umekaa barazani.
Mama ameweka kiganja nyuma ya kitanda,
kimya kirefu.
"Baridi," akasema. "Lakini kavu."
Kona ya bafu bado inalia;
Senkondo anasema tuipe mwaka,
ukuta hausahau upesi kama wenye nyumba.

Asubuhi nimechukua kiberiti, niwashe jiko.
Njiti ya kwanza imevunjika.
Ya pili imeshika.