Kisichomo Kwenye Hesabu

Meli haijafunga kamba, simu yangu imeshachoka.
"Wakala Machano!" Nahodha anataka rubani,
mwenye mali anataka kreni,
forodha wanataka karatasi niliyowapa jana.

Napanda ngazi, mihuri miwili mfukoni
na halua ya Wete, ya mpishi:
mpishi akikupenda, chai hukufuata hadi kwa nahodha.
Nasaini maji, tani arubaini.
Nasaini vitunguu, taka, walinzi,
kwa niaba ya matajiri nisiowajua hata sura.

Kisha anatokea fundi wa mashine, kijana wa Manila,
shavu limeumuka kama andazi.
Kiingereza kimemwisha; ananionyesha jino.

Nampeleka Mlandege, kwa Daktari Zuwena.
Ananishika mkono kama mwanangu.
Sindano inaingia kwake,
macho nafumba mimi.

Saa nane za usiku kamba zinaachiwa.
Taa ya tezi inapungua, inapungua, hiyo.
Naketi na hesabu ya safari:
gati, rubani, maji, teksi.

Jino sikuliandika.
Alilisahau kwenye karatasi ya pamba,
nikalirusha juu ya bati la forodha, kama utotoni.
Lipo huko mpaka leo,
halijalipiwa ushuru.