Herufi Nane

Karani wa kata aliinua kalamu, akasubiri.
"Rudia, mama."
Nikarudia.
"Atlanta? Huo ni mji. Una uwanja wa ndege."
Nikamwandikia kiganjani mwangu: herufi nane,
A nne, na konsonanti nne zimebanwa kati yake
kama ndugu wa mgonjwa kwenye benchi la zahanati.
Akaandika. Akakosea. Akakwangua kwa wembe.
Nje, Tandika ilikuwa inanadi mitumba.

Bi Tausi, mkwe wangu, alilitamka polepole
kama anayeonja mchuzi wa jikoni kwa mwenzake:
"A… ta… lanta.
Hii si dawa ya minyoo?"
Wifi Salha aliuliza maana yake kwa Kiarabu.
Halina.
Kwa Kizaramo je?
Halina.
"Sasa mtoto atasomewa dua kwa jina gani?"
Mama Eliakimu wa chumba cha pili akapiga vigelegele:
"Talanta! Ya Bwana! Usije ukaifukia ardhini!"
Na Mjomba Hafidhi, ambaye hutuma tungo badala ya salamu,
saa nne usiku simu yangu ikalia:

*Jina la kigeni hilo, halinogi mdomoni,*
*Tunayo yetu kwa kilo, yamelala kabatini,*
*Kesho ataulizwa, "Lo! Umetoka nchi gani?"*
*Mpwangu niulizalo: bibiyo kakosa nini?*

Bibi yangu hakukosa kitu, mjomba.
Aliitwa Sijaona.
Miaka sabini watu walimjibu: "Utaona."
Na aliona.

Nilikuwa na miaka kumi na minne,
nakimbia mita mia nane peku kwenye mchanga wa shule,
nikateguka. Katika chumba cha wagonjwa
palikuwa na kitabu kisicho na jalada.
Humo mfalme alitaka wa kiume, akazaliwa wa kike,
akaamuru akatupwe mlimani.
Dubu akamnyonyesha.
(Salha: "Dubu! Mnyama ambaye hata picha yake hatuna ukutani!")
Akakua, akakimbia,
na hakuna mwanamume aliyewahi kuona uso wake mbioni,
kisogo tu.
Ukurasa wa mwisho ulikuwa umechanwa.

Huyu wangu alikuja kwa pupa, ukumbini, hospitali ya Temeke,
nesi hajavaa glavu ya pili.
Baba mkwe alipopigiwa simu kwamba ni wa kike
alisema, bila ubaya,
"Si kitu. Mtapata mwingine."
Bila ubaya.
Jina nikalipata palepale.

Lakini Salha si mjinga.
Alinifuata uani, naanika nepi,
akasema kwa sauti ya chini, bila utani safari hii:
"Jina huvuta, wifi. Umemwita mtoto aliyetupwa."
Nikamwambia, nimemwita aliyeokotwa.
Sikulisema kwa nguvu niliyoitaka.

Maana ule ukurasa niliutafuta baadaye, nikaupata,
nikiwa na mimba ya miezi sita.
Alishindwa.
Si kwa kasi. Mtu alimrushia njiani matufaha matatu ya dhahabu,
moja moja,
naye kila mara akainama kuokota.

Bi Tausi sasa anamwita Tala, mbele za watu.
Umeme ukikatika, anapodhani nimelala,
namsikia gizani akijaribu jina zima,
anakwama kwenye *lanta*, anarudi mwanzo,
kama mtu anayehesabu pesa zisizo zake.

Jana mume wangu alirudi kutoka Kariakoo
na mfuko wa karatasi.
Hajui hadithi, sijamsimulia mwisho wake.
"Nimekuletea, unyonyeshe vizuri."
Matufaha matatu,
kila moja na kijisoksi chake cha wavu.

Nikamshukuru.
Nikayaosha, nikakaa kizingitini, mtoto mapajani,
nikayala yote, moja moja, usiku ule ule,
na mbegu zake.