Mstari wa Tatu, Kiti cha Pembeni

Ukumbi huu wa Rosario ulikuwa ghala la ngano,
na mwezi wa Julai baridi hupanda kutoka sakafuni
kama deni la zamani.
Viti tisini na sita. Usiku huu wamekuja arobaini na mmoja;
nimewahesabu kupitia tundu la pazia
kwa kuwa ujira wangu ni sehemu ya kumi ya mlango.

Ofelina Barzola amesimama peke yake.
Yeye ndiye Delfina Arrascaeta, nyota wa filamu thelathini na mbili,
yeye ndiye mama yake, mfua nguo wa kando ya Paraná,
yeye mume wa kwanza, kofia ikiinamishwa,
mume wa pili, kofia ikivuliwa,
na yule mkubwa wa studio, mwenye mkono usiotulia:
kwa huyo hutumia glavu moja tu
iliyojazwa mchanga, akaiweka begani mwake mwenyewe.
Hapo watu huacha kukohoa.

Saa mbili na dakika tano tunamzaa Delfina.
Saa mbili na robo ana miaka kumi na sita na viatu vya kuazima.
Maisha ya mtu kwa dakika themanini, bila mapumziko,
maana tukiwapumzisha wengine hawarudi.
Mimi nipo kwenye piano, upande wa giza.
Kibonye kimoja cha juu kimekufa;
nikikifikia naruka, kama mtu na dimbwi.

Kuna jambo mchezo wetu hausemi.
Delfina hakuimba hata siku moja.
Marehemu baba alipiga piano katika studio ile
na alinisimulia mara moja tu, akimenya chungwa:
nyuma ya blanketi lililotundikwa
alisimama msichana wa kiwanda cha nyama, amevaa soksi
ili viatu visisikike,
akaimba, akalipwa kwa wimbo,
akatia sahihi ya kunyamaza.
Jina lake baba hakulitaja. Alisema tu
alikuwa na kasoro: alivuta pumzi katikati ya neno,
si mwisho wake.
Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri.
Sauti ya kuazima ilimsitiri Delfina miaka kumi na tisa.

Nilimwambia Ofelina. Alikuwa akijipaka wanja.
"Waliokata tiketi," akasema, "wamemkatia Delfina."
Nikanyamaza.
Sehemu ya kumi nayo ina sahihi yake.

Sasa mstari wa tatu, kiti cha pembeni,
kuna bibi mwenye koti la kijani, miguu haifiki chini,
na mfuko wa peremende unaowakera majirani.
Tumefika kwenye wimbo wa bandarini.
Ofelina anatupa kichwa nyuma kama kwenye filamu
na midomo ya bibi inacheza.
Haitoi sauti, lakini haikosi neno,
na katikati ya neno moja
kifua chake kinapanda.

Mkono wangu wa kushoto ukakosea.
Kisha nikamngoja. Sikupanga, nilimngoja tu,
nikaivuta ile noti kama mlango unaoshikiliwa mtu apite.
Juu, Ofelina ananikata kwa macho, mdomo wazi, hewa inamwishia.
Chini, mzee wa watu anameza pumzi yake.
Tukaendelea.

Hakuja nyuma ya jukwaa. Hakuulizia mtu.
Nilimkuta mlangoni akigombana na binti wa tiketi:
wastaafu hulipa nusu, imeandikwa pale, yeye ametozwa nzima.
Nikasema arudishiwe, ikatwe kwangu.
Hakunitazama. Alizihesabu sarafu kiganjani,
kwa sauti safi iliyomfanya binti ainue kichwa:
kumi na tano, kumi na sita, kumi na —
akavuta pumzi —
saba.